Mfuniko Niliochelewa Kuufungua

Watu wa mtaa wetu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, wakitaka kujua kama niko nyumbani hawapigi hodi, wanasikiliza. Mi nina mdomo, sikatai. Mama yangu kule Bukavu alikuwa akisema huyu mtoto alizaliwa tayari anajibu. Kwa hiyo mtu akisikia kuna siku nilikaa mbele ya sufuria, nikiwa na neno moja tu la kusema, na likagoma kutoka, atacheka. Acheke. Mi siku ile sikucheka.

Sufuria yenyewe ni ya presha, ile ambayo sisi watu wa Kongo tunaiita kokoti. Niliipata Lilongwe, Area 49, kwa mama mmoja niliyekuwa namfulia nguo. Alikuwa anahama, na mkono mmoja wa kokoti ulikuwa umevunjika, akaniambia chukua. Bwana yangu ni fundi cherehani na anajiona fundi wa kila kitu, akaufunga ule mkono kwa waya na kipande cha mti. Tangu hapo kokoti ile ilitembea mtaani kuliko mimi. Maharage ya kula makaa ya siku nzima, yenyewe inayaivisha kabla hamjamaliza kumsengenya mtu mmoja.

Aliyeiazima kuliko wote ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mama wa Kindu kule Maniema, Mwislamu, mjane, anauza mafuta ya mawese sokoni. Mi namwita yaya, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. Mwaka wa kwanza hakuonja hata chumvi yangu. Nikimpelekea sahani anapokea kwa mikono miwili, anashukuru sana, halafu baadaye naona batoto ba nyumba ya pili ndio banakula. Nilikasirika. Nikasema hawa watu wa Maniema wana maringo. Kumbe alikuwa anaogopa nguruwe. Siku moja akaja mwenyewe, akasimama mlangoni, akauliza bila kuzunguka.

"Mudogo wangu, humo ndani ya kokoti yako munapikaka nini?"

"Ngombe, kuku, na maharage," nikamjibu. "Ile nyama ingine iko na sufuria yake, ile nyeusi ya pale inje."

Akaniangalia kidogo. "Basi. Neno lako linanitosha."

Hakuniuliza tena. Miaka minne hakuniuliza. Alikula kwangu na mimi nikala kwake, Idi pilau lake lilifika kwangu kabla ya kufika kwa ndugu zake. Kitu kimoja tu kilimshinda, kuufungua ule mfuniko. Aliogopa kelele ya mvuke, akasema kitu kinachopiga mluzi namna ile kina shetani ndani. Kila alipopika alinitumia mtu: njoo ufungue kidude chako.

Mwaka huu binti yake wa pekee akajifungua, mtoto wa kwanza, wa kiume. Siku ya tano maziwa yalikuwa bado. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, na kilio chenyewe kilikuwa kinapungua nguvu kila siku, jambo ambalo kila mama anajua ni baya kuliko kelele. Muuguzi wa zahanati alisema muzazi alipoteza damu nyingi, aendelee kumweka mtoto kifuani, anywe sana, ale. Kwa mtu wa Kivu au wa Maniema maneno hayo yana maana moja: supu ya mifupa, ile nzito, inayoganda ikipoa. Yaya akapanda gari la alfajiri mpaka Lilongwe kwa mchinjaji Mwislamu anayemwamini, akarudi na mifupa ya miguu ya ng'ombe imejaa uboho. Kwa pesa gani, sikuuliza. Ile wiki sikuona dumu la mawese mlangoni kwake.

Mimi nilikuwa nimerudi jana yake jioni kutoka Mtandire, mtaa wa Lilongwe, kwa mudogo wangu wa damu, nilikokaa siku tatu. Kokoti nilimpa mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Nikamfundisha kama kawaida, utafikiri hajui: ichome mifupa kwanza juu ya makaa mpaka itoe mafuta, weka kitunguu na tangawizi, kamulia limau, maji yasipite robo tatu. Akanijibu, "Ee, mwalimu," tukacheka.

Saa saba bwana yangu akarudi kutoka kwenye cherehani. Akainama, akatazama chini ya meza.

"Kokoti iko wapi?"

"Kwa yaya. Anapikia muzazi supu."

Akajikuna kichwa, akaangalia mlango. 

"Nini?" nikamuuliza.

"Wakati ulikuwa Mtandire," akasema polepole, "kuna kiliya mmoja, muteja wangu wa Mitundu, nilimushonea suruali, akaniletea makongoro. Na ile sufuria nyeusi imetoboka. Nikasema, mara moja tu..."

"Makongoro ya nini?"

Alijua kwamba ninajua. "Ya nguruwe."

Mambo niliyomwambia siyaandiki hapa, batoto banaweza kusoma. Akaniinulia mikono kama mtu wa kusimamishwa na polisi. "Niliiosha, mama. Sabuni mara mbili. Sasa nani atajua?"

Nani atajua. Ningemtandika kiatu kwa neno lile, na kusema kweli kiatu nilikuwa nimekwisha kukivua. Lakini neno lenyewe lilikwisha kuingia, likakaa. Ng'ambo ya ukuta kokoti ilikuwa inapiga mluzi, na chini ya ule mluzi nikasikia mtoto.

Nikatoka, nikiwa nimeamua kumwambia. Pale uani nikaamua kunyamaza. Mlangoni kwake nikaamua tena kumwambia. Nilifikiri nitamvuta pembeni, nitamnong'oneza, wenyewe tutajua la kufanya. Kumbe ndani kulikuwa na wageni, mama wawili wa msikitini wamekuja kumwona muzazi, wamekaa juu ya mkeka na shanga zao mkononi. Binti alikuwa ameegemea ukuta, midomo mikavu, mtoto kifuani, na kikombe cha bati kimekwisha kuwekwa pembeni yake, kinasubiri.

"Huyu amefika!" yaya akasema, furaha tupu. "Nilikuwa naenda kukutumia mtu. Kidude chako kimelia wee, nimekiteremusha. Fungua."

"Yaya, njoo kwanza huku inje."

"Inje kuna nini? Sema hapa hapa, hawa ni wenzangu. Lakini fungua kwanza, mtoto ana njaa."

Nikachuchumaa mbele ya kokoti. Kwa wasioijua: ukiitoa motoni huwezi kuifungua saa ile ile, mvuke utakubabua uso. Unasubiri ipoe, kisha unachukua kijiko, unainua kile kichuma kidogo kizito cha juu ya mfuniko, na kama haifyonyi tena, presha imekwisha. Nikainua kwa kijiko. Ikafyonya, psssss. Nikashukuru Mungu kama mtu aliyepata ushahidi.

"Bado," nikasema.

Tukasubiri. Wale mama wakaongea habari za mgao wa chakula. Mtoto akalia, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukanitia hofu zaidi. Nikafikiri: amevuja damu msichana wa watu, supu hii ni dawa, na Mungu anajua. Nikafikiri: mifupa ni halali, mchinjaji ni halali, kilichobaki ni harufu tu kwenye mpira wa mfuniko. Nikafikiri pia, na hili ninaona haya kuliandika, kwamba nikisema, hawa mama wawili watalitangaza kambi nzima kabla ya sala ya alasiri. Nikainua tena kwa kijiko. Haikutoa kitu. Kimya kabisa.

"Bado," nikasema. "Bado ina presha."

Ilikuwa imekwisha, na mimi bado nimeshika kijiko.  Nikasema bado mara ya tatu, na safari hii yaya hakuangalia kokoti, aliniangalia mimi. Miaka minne anaona ninavyofungua. Haijawahi kunichukua hivyo.

"Mudogo wangu," akasema, "huyo mtoto anakufa njaa. Fungua."

Nikafungua. Mvuke ukapanda, na harufu yake, Mungu wangu, ilikuwa supu ambayo hata mgonjwa wa kukata tamaa angekaa kitako. Mafuta ya dhahabu juu, uboho umetoka wenyewe mfupani. Yaya akachota, akajaza kikombe, akapuliza, akamkabidhi binti yake. Binti akakishika kwa mikono miwili, akakiinua.

"Usikunywe!"

Nilipiga kelele kama mtu aliyeona nyoka. Kikombe kikatikisika, supu ikamwagikia mkeka.

"Hiyo kokoti ilipikiwa nguruwe," nikasema. "Juzi. Kwangu. Mi nilikuwa Mtandire, sikujua, nimejua sasa hivi. Lakini nilipoingia hapa nilikuwa najua."

"Astaghfirullah!" mmoja wa wale mama akasema, akasimama, akatafuta viatu. Mwenzake akamfuata, na mlangoni akageuka. "Hawa ndio unawaamini?" akamuuliza yaya, na mimi nipo pale pale.

 Yaya alichukua kikombe mikononi mwa binti yake, taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu. Binti akaanza kulia bila sauti, machozi tu. Yaya akakimimina kikombe ndani ya kokoti, akafunika, akaniwekea kokoti miguuni.

"Peleka kwako."

"Yaya, nisamehe, nitamwaga..."

"Usimwage. Kitu cha Mungu hakimwagwi. Kwako ni halali, batoto bako bakule."

Afadhali angenitukana. Batoto bangu balikula. Bwana yangu akawagawia, wakafyonza uboho, wakalamba vidole, mdogo akauliza kama kesho pia kutakuwa na supu kama hii. Nilikaa nao mezani nikitazama supu ya muzazi inaisha kwa watu walioshiba. Na nitasema ukweli wote: ilinukia vizuri, nami nilikuwa na njaa. Kijiko nilikigusa. Sikuweza.

Nikamwachia bwana yangu vyombo, nikachukua pesa ya kodi ya cherehani yake bila kumwomba, nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka kwa mchinjaji Mwislamu wa barabarani. "Pepani, mayi," akaniambia kwa Kichewa, samahani mama, mifupa imekwisha. Nikamwambia siondoki. Akaniangalia, labda akaona uso, akaingia nyuma, akatoka na goti moja la ng'ombe alilokuwa amejiwekea mwenyewe. Zikomo, asante zao, nilizomwambia sijui ngapi.

Nikaliweka goti mlangoni kwa yaya, nikarudi nyuma hatua mbili, sikuthubutu kuingia. Akalichukua. Akalipika kwa sufuria yake mwenyewe, pole pole, kwa makaa yangu, na mimi nikapepea moto kutoka nje ya kizingiti mpaka adhana ya magharibi.  Binti akanywa. Maziwa yalikuja siku ya pili yake. Kama ni supu au ni Mungu au ni yule mtoto aliyekazana kunyonya, mi sijui, nilisikia tu kilio kimekuwa kinene, nikakaa chini nikalia.

Kesho yake nilimuuliza mzee mmoja wa msikitini wanatakasa vipi chombo. Mara saba, akasema, na moja iwe kwa udongo. Nikaenda kuiosha mchana kweupe mbele ya mlango wa yaya, kila mtu aone. Mpira wa mfuniko nikautupa, nikanunua mwingine Lilongwe. Bwana yangu nikamnunulia sufuria yake, nikamwambia akikosea tena ataoshwa yeye mara saba. Lakini kokoti ikakaa chini ya meza, hakuna aliyekuja kuiazima. Yaya alinisalimia kila asubuhi, vizuri tu, kama mtu anavyosalimia watu wa barabarani. Hilo liliniuma kuliko yale waliyokuwa wanasema mtaani.

Siku ya arobaini ya mtoto nilisikia asubuhi wanawake wamejaa kwake, wanapika. Nikabaki ndani, mimi mwenye mdomo, nakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mara mlango ukasukumwa bila hodi. Yaya akaingia, akapita moja kwa moja mpaka kwenye meza, akainama, akaivuta kokoti.

 "Yaya," nikaanza, "tangu siku ile humo hakujaingia kitu ingine, naapa, ni maharage tu na..."

Akajinyoosha, kokoti mkononi, akanitazama kwa hasira ya kweli.

"Nimekuuliza?" akasema. "Njoo. Nani atanifungulia?"