Machela Mbili Juu ya Kapsokwony

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alizaliwa Bumula, na kila asubuhi ya utoto wake alifungua mlango akauona Mlima Elgon. Mimi nilikulia Kitale, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Nyeri, na mimi pia niliuona kila asubuhi, ila kwa upande mwingine. Siku alipokuja kwetu kujitambulisha tulibishana kuhusu mlima huo mpaka chai ikapoa. Yeye alisema uso wa mlima uko Bungoma, na sisi watu wa Kitale tunaangalia kisogo. Nilimpenda kuanzia hapo. Lakini hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kuupanda.

Desemba moja, miaka ile pikipiki zilipoanza kujaa Kapsokwony, tuliamua kwenda. Yeye alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Bumula na mke wa kumwachia duka. Mimi nilikuwa mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa. Alikuwa amepata machela mbili kwenye mitumba ya Kitale, karibu na Kipsongo. Zilikuwa vitambaa vyepesi vya kijani vyenye kamba kila mwisho. Unafunga kamba kwenye miti miwili, unalala katikati bila kugusa ardhi. Alisema msituni chini ni maji na siafu, na sisi tutalala juu kama wafalme.

Dada yangu aliipapasa moja, akaigeuza.

"Hii si ni ile ya kubebea wagonjwa?"

"Ya wagonjwa ina vijiti pembeni," shemeji alisema. "Hii ni ya kupumzika tu."

 Dada aliingia chumbani akarudi na blanketi mbili na gunia tupu la viazi, akanipa mimi gunia. Alisema nitajua kazi yake huko huko.

Pikipiki ilitufikisha mahali barabara inapokata tamaa, tukaendelea kwa miguu. Boma la mwisho kabla ya msitu lilikuwa la mama mmoja wa makamo aliyekuwa akichimba viazi. Alituruhusu kupita shambani mwake, kisha akauliza tutalala wapi. Shemeji akamfungulia machela yake aione.

"Mtaning'inia?"

"Ndiyo, mama. Katikati ya miti."

"Kuna nyumba hapa," alisema. "Kuna moto."

Tulimshukuru tukasema tumejipanga. Aliangalia juu, msitu ulipoanzia, akatujazia viazi vya kuchemsha kwenye mfuko wa plastiki.

Mvua ilitukuta mchana. Haikuwa kubwa, ni ile nyembamba isiyojulikana imeanza lini wala itaisha lini. Tukivuka kijito, shemeji aliteleza akakaa ndani ya maji mpaka kiunoni. Tulicheka sana. Nilimwambia abadilishe suruali, akasema ile nyingine ni ya kushukia nyumbani, hataki kuichafua, na hii itamkaukia mwilini.

Tulipata miti tuliyoitaka kabla ya jioni, mierezi mikubwa yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia kila tawi. Tulifunga machela zetu sambamba, nikinyoosha mkono ninagusa yake. Kisha ukungu ukashuka. Ulikuja kutoka juu bila upepo, mti baada ya mti, kama mtu anayezima taa za nyumba akielekea mlangoni. Tulijaribu kuwasha moto, kuni zikatoa moshi tu. Tukala viazi baridi tukapanda vitandani mwetu mapema, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya wala cha kuona.

Nilidhani naijua baridi. Kitale mwezi wa Julai watoto huja shuleni na sweta mbili. Lakini ile hutoka juu, unajifunika inaisha. Hii ya machela ilitoka chini. Ukilala, uzito wako unalibana blanketi chini ya mgongo mpaka linakuwa jembamba kama kitambaa chenyewe, na hewa inapita huko chini kama mto. Unajifunika juu, chini unabaki uchi. Ndipo nikajua kazi ya gunia. Nilishuka nikalijaza majani makavu niliyoyafukua chini ya gogo, nikalilaza ndani ya machela, nikalilalia. Lilinichoma mbavu, lakini lilikuwa na joto.

"Shemeji," nilimwita, "shuka nikutafutie majani na wewe. Uweke ndani ya sweta."

"Niko sawa, bana. Nikishuka nitaingiza balidi."

Watu wa kwao huzibadilisha l na r, na mimi nilizoea kumcheka kwa hilo. Siku hiyo sikucheka, kwa sababu meno yake yalikuwa yakigongana.

Kamba zake zikaanza kulia. Alikuwa akitetemeka, na mtetemeko wake ulikwenda mpaka kwenye gome la mti ukatoa mlio mdogo, krii, krii, krii, bila kupumzika. Nilimsemesha mara kadhaa, akanijibu. Baadaye mlio ukakatika. Nilifikiri, afadhali, amepata joto amelala. Nami nikalala.

Niliamshwa na mazungumzo.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka, ukungu umekuwa mweupe badala ya mweusi. Shemeji alikuwa anaongea Kibukusu kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliye jikoni na mgeni anayemfahamu. Alikuwa akisema kidogo, ananyamaza, kisha anajibu. Mara moja alicheka. Nilidhani yule mama wa viazi ametufuata. Neno nililolitambua lilikuwa moja tu, kukhu, nalo kwao ni nyanya.

Nikageuza kichwa. Alikuwa amekaa kwenye machela yake, miguu ikining'inia, peku, bila shati. Blanketi lilikuwa limeanguka chini. Machela ilikuwa ikibembea taratibu, mbele na nyuma, na vidole vyake havikugusa ardhi. Mtu anayejibembeza mwenyewe utamwona anakunja mwili na kuunyoosha. Yeye alikuwa ametulia tuli, mikono mapajani. Ndevu za miti hazikutikisika hata moja.

"Shemeji. Unaongea na nani?"

"Na kukhu." Hakunigeukia. "Ulikuwa umelala, hatukutaka kukuamsha."

Nyanya yake alikuwa amekufa kabla shemeji hajamwoa dada yangu. Mimi nilimjua kwa picha iliyo ukutani kwao.

"Uko bila shati."

"Kuna joto," alisema. Meno hayakugongana tena. Maneno yake yalikuwa yamenyooka kabisa. "Balidi imeisha. Amenishikia nguo. Anasema na wewe uvue, utachemka humo."

Niliangalia alikokuwa akiangalia, karibu na miguu yake. Sikuona kitu. Nasema hivyo kwa sababu watu huniuliza. Niliona ukungu, na shina la mwerezi nyuma yake.

Niliruka chini nikamshika bega. Nimewahi kumshika maiti, babu yangu, na mkono wangu ulikumbuka kabla yangu. Nikaacha kufikiri. Nilimvua ile suruali iliyolowa, nikamvisha nguo zangu zote za akiba, soksi zangu nikazivua miguuni kwangu nikamvisha zikiwa bado na joto. Nilimlaza chini juu ya gunia, nikamfunga blanketi zote mbili na machela zote mbili juu yake. Alinikubalia kama mtoto anayevishwa kwenda kanisani, lakini hakuacha kuongea na mwenzake.

Nilikuwa na mshumaa na kiberiti mfukoni. Nilichana gome la ndani la mwerezi, lile kavu la nyuzi nyuzi ambalo jioni hatukulifikiria, nikalisugua mikononi mpaka likawa kama pamba. Lilishika. Nilipokuwa nikizunguka moto kutafuta mahali pa kuweka sufuria, shemeji alisema kwa upole:

"Unamkanyaga. Sogea kidogo."

Na mimi nikasogea. Mpaka leo sijui kwa nini. Nilirudi nyuma hatua moja nikapita kando, kama unavyompisha mzee mlangoni.

Maji yalipopata moto nilijaza chupa ya plastiki ya soda, nikaivika shati, nikamwekea kwapani. Yaliyobaki nilitia sukari nyingi, nikamnywesha kwa kijiko. Vidole vyake havikuweza kukunjika, kikombe kilimponyoka kila alipojaribu. Kisha nikaingia naye ndani ya blanketi, nikamkumbatia kwa nyuma, nikasubiri. Alikuwa anazidi kunyamaza katikati ya maneno. Mara akasema, kwa Kiswahili, "Ngoja basi, kukhu," kama mtu anayeachwa nyuma njiani.

Halafu akaanza kutetemeka.

Alitetemeka mpaka nikadhani atavunjika, na mimi nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Kadiri alivyotetemeka ndivyo maneno yake yalivyokuwa ya hovyo, na kadiri yalivyokuwa ya hovyo ndivyo alivyokuwa yeye zaidi.

"N-nguo zangu ziko wapi?" aliuliza. "Nani amenivua?"

Nilitazama. Shati na sweta vilikuwa juu ya mzizi wa mti, upande wa miguu ya machela yake, vimekunjwa. Nilinyanyua shati nilikaushe motoni. Lilikuwa limekunjwa pembe nne, mikono imerudishwa nyuma, na vifungo vyote vimefungwa, kuanzia chini mpaka cha shingoni, vile vidogo vya kola pia. Ilinibidi nivifungue kimoja kimoja ili nilitandaze, na vidole vyangu vilivyokuwa vizima vilisumbuka. Nilivitazama vyake. Vilikuwa vimekaa juu ya blanketi kama vijiti. 

Jua lilipopenya tulishuka, yeye akiniegemea. Yule mama alituona tukitokea shambani akaacha jembe.  Alituweka karibu na moto, akampikia shemeji uji, akamsimamia mpaka bakuli likaisha. Nilipomwambia tunamshukuru sana, alisema, "Wawili mmerudi wawili. Ni vizuri."

Kapsokwony nilimpitisha kwenye zahanati. Muuguzi alimpima akasema ameponea chupuchupu. Nilimweleza yote, isipokuwa vile vifungo. Alisema si jambo geni, mtu akipoa sana, karibu na mwisho, damu humrudia ngozini akahisi anaungua, akavua nguo. Wamewahi kuletewa watu hivyo, wakiwa uchi na nguo zao kando.

"Na kuongea na watu ambao hawapo?"

"Hiyo pia. Akili inapoa kama mwili."

Nilitulia sana kusikia hivyo. Nilikuwa nimeanza kuliamini kila neno lake, kisha nikamweleza kuhusu vifungo. Alizungusha kalamu vidoleni.

"Mpeleke nyumbani akapumzike," alisema.

Dada yangu alimlaza siku kadhaa na hakunigombeza. Alichukua zile machela akakaa nazo chini na sindano, akashonea kila moja mfarishi wa mablanketi ya zamani upande wa chini, kwa nje, ulegee usibanwe na uzito wa mtu. Aliwaza mwenyewe hivyo, bila kuonyeshwa na yeyote. Tumezilalia tangu hapo, hata juu zaidi ya pale, na hatujawahi kuhisi ile baridi ya mgongoni. Lakini jambo la nyanya hatukulizungumza, mpaka nilipokwenda Bumula kuwatembelea kabla shule hazijafunguliwa.

Mama yake shemeji alikuwa amekaa kibarazani akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amesikia habari kwa dada yangu. Alingoja mpaka mwanawe alipokaa, akaendelea kuchambua, akauliza bila kuinua macho.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Ile leso yake ya manjano," shemeji alisema.

"Alikunyooshea mkono uende naye?"

Shemeji alifikiri. Nilimwona akirudi kule, uso ukimtulia kwa namna ambayo sikuipenda.

"Hapana," alisema. "Hangeweza. Alikuwa ameshika nguo zangu, mikono yote miwili. Nilimwambia aziweke chini anishike nishuke, akakataa. Alikuwa anazikunja tu. Akimaliza, anazikunjua anaanza tena."

Mama aliacha kuchambua. Alikaa hivyo, kiganja juu ya maharagwe, akipumua kwa mdomo kama mtu aliyetua mzigo. Baadaye akatoa jiwe dogo akalitupa uani.

"Basi ni sawa," alisema, kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama nitakula nao au nina haraka ya kurudi Kitale.