Mama Makochi na Kitufe cha Pembeni

Wifi yangu hapendi kuitwa mzee. Ukimwita hivyo atakuuliza ni kochi gani alilokushonea likakuangusha, na usipokuwa na jibu atakuonyesha mlango. Ana miaka sitini na minne. Ameshona makochi miaka thelathini na minane, na mtaa mzima unamwita Mama Makochi. Mimi ni dada wa marehemu mume wake. Kibanda changu cha fotokopi kinatazamana na karakana yake, hatua kumi na mbili tu kuvuka njia, kwa hiyo mengi ya haya ninayosimulia sikuhadithiwa. Niliyaona, na mengine nilijitia humo bila kuombwa, maana sina kawaida ya kukaa kimya.

Karakana ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Anaamka, anafungua mlango mmoja, yuko kazini. Ukutani zimepangwa fremu za mbao zilizovuliwa nguo zake, pembeni sponji zimerundikwa hadi darini, na katikati iko meza yenye nyundo, mkasi mzito na sindano zilizopinda. Misumari midogo haiweki mezani. Anaiweka mdomoni, saba au nane kwa pamoja, anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi huku mkono wa kushoto umevuta kitambaa na wa kulia una nyundo. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo atakavyofanya mpaka mwisho. Ukimkuta katikati ya kazi usimsalimie, utakuwa unamwonea.

Sasa vidole vyake. Miaka yote hiyo ya kuvuta uzi wa katani imevifanya vigumu na laini kwa wakati mmoja, vigumu kama soli na laini kama mpini wa jembe la zamani. Siku tuliyokwenda kuandikisha vitambulisho vipya, mashine ilikataa alama za vidole vyake vyote kumi. Karani akamwambia apake mafuta arudi kesho. Akamjibu kwamba vidole anavyo hapo hapo, kama mashine haivioni basi karani aite fundi wa mashine.

Mwanawe wa kwanza ni mtu wa ofisi. Anakaa ghorofa ya tano, anavaa tai, na anaongea na kila mtu kana kwamba anafunga kikao. Si mkurugenzi wa kitu chochote, lakini mimi nilimpa jina la Mkurugenzi tangu akiwa darasa la sita, na limemkaa. Nampenda. Nasema hivyo mapema kwa sababu huko mbele nitamsema.

Mkurugenzi ndiye aliyemletea mama yake simu ya kioo. "Ili nikupate wakati wowote, Mama," alisema, na kweli akaanza kumpata, au kujaribu: saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni. Simu ikilia, kioo kilionyesha duara dogo la kijani ambalo unatakiwa uliguse kisha uliburute kwenda juu. Wifi akaligusa. Kioo kikakaa kama hakikuguswa. Akabonyeza, akasugua, akalaani. Kidole changu mimi, kilichozoea karatasi, kilitosha kupitishwa juu juu na duara likafuata. Chake kioo hakikukijua kabisa. Mara moja moja alifanikiwa kwa kifundo cha kidole cha mwisho, lakini kwa kawaida simu ilikuwa imeshakata tamaa.

Siku moja alifanikiwa vibaya. Kifundo kilikubali, ila mdomoni mlikuwa na misumari minane. Mkurugenzi akasema "Mama, hujambo?" na mama akatoa sauti ya mtu aliyepooza upande mmoja. Baada ya nusu saa teksi ilifunga breki mbele ya karakana, Mkurugenzi akaruka nje na chupa ya maji mkononi, akamkuta mgonjwa wake amepanda juu ya stuli anapigilia mgongo wa kochi. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka, na hapo ndipo hukumu ilipotoka.

"Shangazi, wewe cheka," aliniambia. "Mtu asiyeweza kupokea simu hawezi kuishi peke yake. Nampa mwezi mmoja. Ikiendelea hivi, karakana inafungwa, nyumba inapangishwa, na Mama anahamia kwangu. Chumba kipo, kina zulia na televisheni."

Wifi aliteremka kwenye stuli taratibu, akatema misumari kiganjani. "Na nyundo yangu nitaigonga wapi, kwenye televisheni?"

Lakini usiku ule hakula vizuri, aliniambia mwenyewe kesho yake. Alikuwa na hofu, na hofu ikimshika hukasirika. Alijua mwanawe akikata shauri ndugu wengine watamfuata, kwa kuwa ndiye mwenye kauli. Watamweka kwenye zulia kama chungu cha maua, watamwambia apumzike, na hatakuwa na kitu cha kufanya kwa mikono yake.

Aliyemfungua macho ni mwashi mmoja aliyeleta kiti cha mkewe kubadilishwa springi. Mikono ya mwashi mnaijua, saruji imeshaila. Simu yake ililia mfukoni, akaitoa, wala hakukitazama kioo, alibonyeza kitufe cha pembeni, kile cha kuongeza sauti, akasema "Naam." Wifi aliacha nyundo hewani.

"Umefanyaje hapo?"

"Nimepokea."

"Nimeona umepokea. Yangu nikibonyeza hapo inanyamaza tu."

Mwashi akaitazama simu yake. "Wewe unatumia programu iliyokuja na simu, Mama. Mimi nilitafuta nyingine ya kupigia, inayopokea kwa kitufe. Simu ni yako, hujafungishwa nayo ndoa na kila kilichomo."

Wifi alivuka zile hatua kumi na mbili akiwa na simu mkononi na uzi umening'inia begani. Kupakua nilimsaidia, sikatai. Kuchagua alikataa katakata nisiguse. Akaketi kwenye benchi langu, akaingia Mipangilio kwa kifundo cha kidole, akaingia Programu, akarudi nyuma kwa bahati mbaya, akaingia tena, hadi akafika kwenye orodha inayoitwa programu chaguomsingi. Pale palikuwa na kila kazi na mwenye kazi yake: anayepiga simu, anayepokea ujumbe, anayefungua mtandao. Wifi alisoma orodha yote kwa sauti kama anayesoma mashtaka.

"Kumbe muda wote huu nilikuwa nachaguliwa vya kutumia," alisema.

Simu ikamuuliza kama ana uhakika anataka kubadilisha. Akaichapa kwa kifundo mara nne mpaka ikaelewa. Tukajaribu, nilimpigia kutoka upande wa pili wa meza, akabonyeza kitufe cha pembeni, sauti yake ikaniingia masikio yote mawili: "Karakana hapa, sema shida yako."

Alipoonja hakuacha. Siku ya pili aliiondoa programu ya ujumbe kwenye kiti chake, akaweka nyingine inayosoma ujumbe kwa sauti, maana macho yake ana kazi nayo. Siku ya tatu akabadilisha kibodi, akaweka ile unayoongea nayo ikaandika yenyewe. Ilikosea maneno mengi, akaigombeza, ikaandika na ugomvi, akanitumia hivyo hivyo. Wiki tatu nzima Mkurugenzi alipiga simu na kila simu ilipokewa. Aliniambia kwa kiburi kwamba wazee wanahitaji kuwekewa tarehe ya mwisho ndipo wanajitahidi. Nilimeza mate, kwa sababu wifi alikuwa amenikataza kusema.

"Aone tu kwamba napokea," alisema. "Kwa njia gani, hayamhusu."

Hilo ndilo kosa letu, na tulilifanya wote wawili kwa jeuri. Tungemwambia. Jumamosi moja alikuja kula chakula cha mchana. Wifi akaitwa nje na mteja, na Mkurugenzi akaichukua simu mezani "kuisafisha," kama anavyosema. Akakuta programu asizozijua, alinieleza mwenyewe baadaye. Sitamnyima haki yake: kuna programu za wezi humo duniani, na mtoto anayeogopea simu ya mama yake hana dhambi. Lakini aliyekuwa na maswali alikuwa hatua tano kutoka kwa mwenye majibu, na hakuuliza. Aliziondoa zote, akarudisha zilizokuja na simu, akaifunika simu kwenye meza, akamalizia mchuzi wake.

Jumatatu saa mbili simu ililia. Wifi akabonyeza kitufe cha pembeni. Mlio ukakatika. Akadhani amepokea, akasema "Naam," akaongea peke yake hadi akahisi upumbavu. Saa saba vivyo hivyo. Kwa ile programu ya zamani kitufe kile kazi yake ni kuzima mlio tu, kwa hiyo kadiri alivyojitahidi kupokea ndivyo alivyozidi kuinyamazisha. Kufikia jioni Mkurugenzi alikuwa amepiga mara kumi na moja. Ya kumi na mbili alinipigia mimi.

"Shangazi, Mama yuko wapi?"

"Yupo hapa mbele yangu, anapigilia stuli ya mwalimu mkuu."

"Basi ndiyo hiyo ninayosema," akajibu polepole. "Yupo, na hapokei."

Usiku ule tuliifungua simu, tukakuta programu zake zimeondolewa, na wifi akanikataza nisizirudishe mpaka mwanawe aone.

Jumanne asubuhi alikuja na pikapu, dereva na wapagazi wawili. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akaeleza kwa ile sauti ya kikao kwamba kitanda kitatangulia, kisha kabati, na vifaa vya kazi vitauzwa polepole. Wapagazi walisimama mlangoni wakitazama viatu vyao. Mimi nilivuka njia na nikaanza kumtolea maneno, maneno ya shangazi ambayo mtoto wa kaka hana pa kuyakimbia, lakini wifi aliniinulia mkono. Nikanyamaza, jambo ambalo simfanyii mtu mwingine.

Akatema misumari. Akaipanga mezani, na sikuwahi kuona misumari kwenye meza ile.

"Nipigie," alimwambia mwanawe.

"Mama, sasa hivi..."

"Upo kwangu. Nipigie."

Akampigia. Simu ikalia mezani kati yao, duara la kijani likicheza. Wifi akaweka kidole cha shahada juu yake na kuburuta. Kioo hakikufanya kitu. Akaburuta tena. Kisha akaunyoosha mkono mbele ya mwanawe.

"Haya, nisaidie. Kishike wewe ukiburute."

Mkurugenzi alikishika kidole cha mama yake. Nadhani ni miaka mingi hakuwa amekishika. Alikiweka juu ya duara, akakipeleka juu, kama unavyomfundisha mtoto kuandika. Hakuna kitu. Akarudia. Akakifuta kwa shati lake, akarudia mara ya tatu, na simu ikakata. Alibaki ameshika kile kidole, anakigeuza, anakipapasa ncha kwa dole gumba lake, na uso ulianza kumbadilika. Mimi nilitazama nje. Kumsema nilitaka, lakini kumwona vile sikutaka.

"Kulikuwa na programu inayopokea kwa kitufe," wifi alisema. "Niliichagua mimi. Nikapokea simu zako wiki tatu. Wewe ukaiondoa."

"Sikujua, Mama."

"Hukuuliza."

"Nipe niirudishe. Ni dakika moja tu."

"Kaa chini."

Akakaa, kwenye kochi la mtu lisilo na kitambaa, springi zikamlalamikia. Wifi akaichukua simu na kufanya yote mwenyewe, kupakua hadi kuchagua, kwa kifundo. Haikuwa dakika moja. Ilichukua dakika ishirini na kitu, na wapagazi, dereva, mtoto na shangazi wote tulisubiri. Alikosea, akarudi, akafungua picha badala ya Mipangilio, akafunga. Mara mbili Mkurugenzi aliinua mkono na mara mbili akaurudisha pajani. Simu ilipomuuliza kama ana uhakika, aliisoma ile sentensi kwa sauti, akamtazama mwanawe, akaichapa.

"Piga."

Akapiga. Mama yake akabonyeza pembeni bila kutazama. "Naam."

Tulikuwa chumba kimoja na bado Mkurugenzi alijibu kwenye simu. "Mama, na nikipiga siku nyingine usipopokea?"

"Nikikupigia ukiwa kikaoni, huwa unapokea?"

"Sipokei."

"Nimewahi kuja na pikapu kuhamisha ofisi yako?"

Mkurugenzi akateremsha simu kutoka sikioni. Wifi akakata. Akageukia wapagazi, ambao sasa walikuwa wamesahau kutazama viatu.

"Nyinyi mmeshalipwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Vizuri. Lile kochi lililokamilika na stuli ni vya mwalimu mkuu, vilikuwa viende leo. Kitanda changu mkiache kilipo. Na wewe," akamwambia mwanawe, "shika upande wa mguu, rangi bado mbichi."

Mkurugenzi alikunja mikono ya shati, akainama, akashika alipoonyeshwa.