Nilifukua makumbi ya mama mkwe nikayatia kwenye mtambo wa umeme

Wakuu, salaam. Haya yamenifika mwenyewe na aibu ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kudanganya.

Mimi fundi umeme, nnakaa Kiembe Samaki. Mwaka juzi niliingiwa na wazimu wa biomass. Unachoma mabaki ya mimea ndani ya pipa lenye hewa kidogo, unapata gesi, gesi inaendesha jenereta.

Kwenye video ilikuwa rahisi kama kuchemsha chai.

Ukweni kwangu ni kijijini, kusini ya kisiwa chetu, upande ambao nguzo za umeme hazijafika. Nikawaahidi taa za chuo cha Kurani. Kwa kujiamini kabisa, mbele ya wakwe!

Nikatafuta fuel. Siku moja maji ya bahari yametoka, nikaona pwani makumbi ya nazi yamefukiwa mchangani, yamewekewa mawe juu. Nikajisemea, watu hawa wanazika mali. Nikafukua, nikayaanika siku tatu, nikajaza pipa.

Jioni nikaita watu. Nikatoa na hotuba (naomba msiniulize nilisema nini).

Jenereta likakohoa mara mbili, likazima. Moshi ukatutoa machozi wote, na mwalimu wa chuo akakimbia na kanzu mkononi.

Mama mkwe akachungulia pipa.

"Makumbi haya umeyatoa wapi?"

"Pwani, mama. Nliona yanaoza tu."

"Nliyafukia ili yaoze! Miezi sita nnangoja nisokote kamba!"

Wakuu, nilitamani nifukiwe mimi.

Zile kamba ndiyo kazi yake. Weekend nne mfululizo nilibeba makumbi mapya, nikafukia, nikapanga mawe, yeye kakaa kwenye kivuli ananielekeza. Siku ya mwisho ndipo akasema, "Makumbi yana kamba. Moto uko kwenye vifuu. Ungeuliza, ningekwambia."

Nikajaribu vifuu vikavu, yale maganda magumu ya nazi. Mara ya tatu jenereta likashika. Sasa chuo kina taa nne, mtambo ukiamka vizuri.

Nilichojifunza: kabla hujaita kitu taka, muulize mwenyewe. Nilipima kila kitu pale kijijini, ila sikuongea na watu wake.

Wenye uzoefu na lami ya moshi inayoziba mabomba ya mtambo, nisaidieni. Wa kunicheka pia karibuni, foleni ni ndefu.

Mama mkwe keshanisamehe. Ila wageni wakija, hunitambulisha hivi: "Huyu ndiye aliyezichoma kamba zangu."