Siku Gari la Shemeji Lilipogoma

Bi Cheche alipata jina hilo mwezi wa kwanza alipoingia gereji, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Waya wa koili ulimpiga shoti mbele ya mafundi wanaume kumi na mmoja, akaruka nyuma na kukalia ndoo ya oili chafu. Wanaume wakavunjika mbavu kwa kicheko, wakajua hatarudi. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika, kavaa ovaroli ya kaka yake iliyokunjwa miguuni mara tatu, akataka aonyeshwe waya ule ule. Sasa ana miaka hamsini na minane na banda lake mwenyewe la umeme wa magari, na baadhi ya wale waliomcheka humletea magari yaliyowashinda.

Jumamosi moja, asubuhi na mapema, simu yake iliita. Alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, fundi cherehani hodari wa suti.

"Shemeji, njoo haraka. Amegoma."

"Nani amegoma?"

"Nani tena? Gari!"

Gari lenyewe lilikuwa la zamani hasa, rangi ya maziwa, taa za mviringo, usukani mwembamba na mpana kama sinia. Shemeji alikuwa nalo kabla hajaoa, na kila siku alilipangusa kwa mabaki ya vitambaa vya suti. Dada alikuwa akiliita mke mwenza. "Nenda kamwamshe mwenzangu," humwambia mumewe baada ya kifungua kinywa, "mimi nimeshaamka."

Bi Cheche aliegemeza baiskeli yake getini, akachukua mkoba wa vifaa. Uani, chini ya kibanda cha mabati, Shemeji alikuwa kashika tama mbele ya boneti iliyo wazi, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Siku ya nne leo," alisema, hata salamu akaisahau. "Nimenunua betri mpya, nimefunga plagi mpya zote nne, nimemwaga petroli ya zamani nikaweka nyingine. Majirani wamenisukuma mpaka kona na kunirudisha. Hata kukohoa, hakohoi!"

"Kwa hiyo umebadilisha kila kitu kabla ya kujua kilichoharibika."

"Sasa ningefanyaje?"

"Ungeniita siku ya kwanza. Haya, ingia, piga stata."

Shemeji akazungusha ufunguo. Injini ilizunguka kwa nguvu, lakini ikazunguka bure tu. Bi Cheche alisikiliza kainamisha kichwa, kisha akampungia mkono aache. Betri ilikuwa nzima na stata nzima. Akafungua plagi moja, akainusa, akaifuta kidoleni. Ilikuwa imelowa.

"Petroli inafika," alisema. "Inafika mpaka inafurika. Kinachokosekana ni moto."

Dada akatokea mlangoni na birika la chai. "Bado tu?" aliuliza, akajaza vikombe alivyoleta mwanzo, vilivyokuwa bado vimejaa, akarudi ndani. Bi Cheche alimtazama akienda. Kwa miaka yote ya ndoa yake, dada yake hakulisogelea gari lile ila kwa lazima, na leo alikuwa katoka mara ya pili.

Aliiunganisha ile plagi na waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, Shemeji akapiga stata tena. Hakuna cheche. Akachomoa ule waya mnene unaotoka kwenye koili, kile kikopo kinachozalisha moto, akaushika kwa koleo la mpini wa mpira na kuusogeza karibu na chuma. Stata ilipopigwa tena, moto uliruka, wa buluu, ukipiga ta! ta! ta!

"Umeuona huo, Shemeji?"

"Nimeuona," alisema Shemeji, kichwa nje ya dirisha, ingawa alikuwa akitazama pembeni kidogo.

Basi moto ulikuwa ukitoka kwenye koili vizuri, ila ulipotelea njiani kabla ya kufika kwenye plagi. Njia yenyewe ni fupi, na katikati yake pana kofia nyeusi ya plastiki yenye waya tano juu. Hiyo ndiyo Shemeji hakuwahi kuthubutu kuifungua, kwa kuogopa kuzichanganya waya zake. Bi Cheche alibinua vibanio viwili, akainyanyua, akachungulia. Akachungulia tena. Rota haikuwemo, kile kipande kidogo kama kidole gumba kinachozunguka ndani ya kofia na kuigawia kila plagi moto wake.

Rota huvunjika, huungua, huchakaa. Kutoroka, haitoroki. Na Bi Cheche akakumbuka kwamba miaka mingi nyuma, wezi wa magari walipozidi, yeye mwenyewe alimfundisha dada yake kuichomoa rota kila jioni na kuiweka chini ya mto.

"Nisubiri nikanawe mikono," alimwambia shemeji yake.

Jikoni, Dada alikuwa akikatakata vitunguu ambavyo vingetosha wiki nzima.

"Dada, iko wapi?"

"Nini?"

"Dada!"

Kisu kikatulia. Dada akafungua kopo la vifungo, akapekua, akaitoa rota. "Usinitazame hivyo. Wiki iliyopita aligonga ukuta wa duka la viatu, akateremka akauomba radhi. Juzi amelisalimia tanki la maji la jirani, halafu akaja kunilalamikia kwamba jirani siku hizi ana maringo."

Bi Cheche aliuma mdomo asicheke. "Umemwambia aende kwa daktari?"

"Mara ngapi! Ananijibu kwamba fundi wa suti hawezi kuwa na macho mabovu. Na kila asubuhi kabla hajaamka natunga uzi kwenye sindano zake. Anazikuta tayari. Hasemi kitu, nami sisemi kitu." Macho yake yalikuwa yamelowa, na si vitunguu peke yake. "Nilihofia ataua mtu. Au atakufa."

"Nikiirudisha kimyakimya ataondoka nalo leo leo. Nikinyamaza ataita fundi mwingine, naye ataifungua ile kofia kama nilivyoifungua mimi. Twende ukaseme mwenyewe. Nitasimama na wewe."

Dada akapiga moyo konde, akatoka, akaiweka rota juu ya madigadi ya gari mbele ya mumewe. "Niliitoa mimi."

Shemeji aliipapasa, akakunja uso. "Miaka thelathini na minne tumeoana, leo unaniibia?"

"Ndiyo. Macho yako hayaoni, na wewe husikii."

"Macho yangu mazima!" Akamgeukia Bi Cheche kutafuta mtetezi. "Shemeji, hebu mwambie."

Bi Cheche alikuwa akijifuta mikono taratibu. "Shemeji, ile baiskeli yangu pale getini ina rangi gani?"

Shemeji aligeuka kuelekea getini, hatua kama kumi. Akafinya macho. Akasogeza kichwa mbele, akakirudisha nyuma.

"Kwani umekuja na baiskeli?"

Baiskeli ilikuwa nyekundu kama nyanya. Dada alijaribu kujizuia, akashindwa, kicheko kikamtoka mpaka akashikilia nguzo ya kibanda. Bi Cheche akafuata. Shemeji alisimama katikati yao na hasira yake, asijue aipeleke wapi, mwishowe naye akaishiwa nguvu, akaketi kwenye ndoo.

"Nilijua," alisema kwa sauti ndogo. "Nilijua tangu lile koti la mwalimu mkuu. Nilimshonea mikono yote miwili ya kushoto."

"Alisemaje?" Dada aliuliza.

"Nilimwambia ndio mtindo mpya. Ameagiza lingine."

Walicheka upya, safari hii wote watatu. Kisha Dada akamshika bega, na mkono wake ukakaa pale pale muda mrefu.

Bi Cheche aliipachika rota, akafunga kofia, akaketi yeye kwenye usukani. Injini iliwaka mara ya kwanza. "Pandeni," alisema. "Kliniki ya macho inafungwa saa saba."

Daktari alimulika, akapima, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba unatibika kwa upasuaji: jicho moja kwanza, la pili baada ya mwezi, na asiguse usukani mpaka atakaporuhusiwa. Shemeji aliyapokea yote kwa upole uliomshangaza hata mkewe.

Lakini ilikuwa lazima suti ziwafikie wateja. Basi kila alasiri Bi Cheche alifunga banda mapema akamfundisha dada yake kuendesha kwenye uwanja wa shule. Siku ya kwanza gari lilizimika mara kumi na saba. Wiki ya tano Dada alirudi nyuma kati ya madebe mawili bila kugusa hata moja, akapiga honi kwa furaha hadi mlinzi akatoka mbio. Mwezi wa tatu alipata leseni.

Siku Shemeji aliporuhusiwa na daktari, alitoka uani kavaa shati la pasi na kunyoosha mkono apewe ufunguo. Dada alikuwa tayari yuko ndani, injini inanguruma.

"Zunguka upande wa pili," alimwambia. "Nina suti tatu za kupeleka na nimechelewa."

Shemeji alimtazama mkewe, na safari hii alimwona vizuri, mpaka mvi za juu ya paji la uso. Akazunguka, akaingia, akafunga mkanda. Kabla hawajafika barabarani alikuwa ameshamwambia apunguze gea, naye ameshamwambia anyamaze.

Bi Cheche alibaki kuwafungia geti. Alipogeuka alikuta wanawake wawili wa nyumba ya jirani wamesimama ng'ambo ya barabara, wanalisindikiza gari kwa macho.

"Eti wewe ndiye uliyemfundisha?" mmoja aliuliza. "Na sisi unaweza?"

Alitazama saa, akafikiria kidogo. "Jumatatu, saa kumi," alisema. "Na mvae viatu vya kufunga. Sitaki mtu wa ndala."