Vidonge vya Mwali

Basi la Handeni lilikuwa bado halijatoka stendi ya Korogwe, na Rukaya keshamsumbua dereva mpaka kachoka. "Mama, si nimesema tunaondoka?" Akakaa, akainuka, akakaa tena.

Roho ilikuwa juu, na sababu anayo. Kazi yake ni kulisha panya weupe wa Dokta Hiza, mtafiti pale mjini. Kundi moja lilitiliwa kwenye chakula asidi fulani ya mafuta, ile iliyomo kidogo kwenye maziwa na samli. Wiki chache tu, panya hao, wembamba! Basi Rukaya akajifanya mjuaji. Binti yake Mwaija, mwali huko Handeni, alikuwa akilia gauni la harusi halifungi. Akanunua vidonge vya asidi hiyohiyo duka la Manubhai, akavificha kwenye mfuko wa mchele, akampelekea.

Leo asubuhi Dokta kapasua panya wale. Mafuta ya mwilini yamekwisha kweli. Lakini maini! Yamevimba, yamepauka.

"Na mtu je, Dokta?"

"Panya si mtu, mama Mwaija. Kwa mtu bado hatujui vizuri."

Hatujui! Jibu gani hilo la kumpa mzazi?

Angepiga simu, lakini mwali hana simu. Kawekwa ndani, analishwa anawiri, na mama mzazi haruhusiwi kumwona mpaka siku ya kutolewa.

Alipofika Handeni, mlangoni pa nyumba alimowekwa mwali, alimkuta kungwi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Rudi ulikotoka, mwiko unaujua."

Uani wanawake walikuwa wakipepeta mchele, masikio yote huku. Rukaya aliona aibu, lakini akasema kwa sauti: "Nilimletea mwanangu vidonge vya kukonda, bibi. Naogopa vitamdhuru. Nisemeni mtakavyo, ila nifungulie."

Nyungo zilisimama. Kungwi akasonya, akasogea pembeni.

Mwaija alikuwa amelala, na kopo liko chini ya mto. Rukaya akalitikisa. Tupu.

"Umevimeza vyote?"

"Vilikuwa vinanichefua, mama. Lakini nikajiambia, mama hawezi kunipa kitu kibaya."

Rukaya akavua mtandio wake, akamfunika binti, akamshika mkono wakapita katikati ya wanawake wale, mwali anatoka mchana kweupe kabla ya siku yake, kwenda hospitali.