Mama Muhuri na Kiti cha Dirishani

Kwa miaka ishirini na miwili, hakuna karatasi iliyoingia idara ya afya ya baraza la mji bila kupita mkononi mwa karani mmoja mnene mwenye sauti nyembamba. Jina wazazi walimpa, lakini pale ofisini lilishakufa; kuanzia mganga mkuu hadi mfagizi, wote walimwita Mama Muhuri. Ukikosea nukta, fomu anakurudishia. Ukilia, anakupa kiti na maji ya kunywa, kisha anakurudishia vilevile.

Mwanamke huyu alikuwa na tamaa moja tu duniani. Alitamani kiti. Chumba cha mikutano cha bodi ya afya kilikuwa na viti tisa, na viwili vya upande wa dirishani vilikuwa vya wawakilishi wa wananchi. Hivyo viwili mtu hakuvipata kwa cheo. Kila baada ya miaka mitatu fomu zilitolewa, wananchi wakaomba, majina yakabandikwa ubaoni siku kumi na nne ili mwenye pingamizi aseme, ndipo madiwani wakapiga kura. Sharti moja tu lilimkaba koo: anayelipwa mshahara na baraza haombi.

Basi kwenye mikutano ya bodi yeye alikaa pembeni, akiandika maneno ya wengine. Siku moja wajumbe walipokuwa wakiisifia zahanati ya mtaani kwake, uzalendo ukamshinda.

"Samahani, lile tangi halina maji mwaka wa pili huu. Mdogo wangu alipojifungua, nilibeba ndoo kutoka nyumbani."

Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani. "Mama, wewe andika."

Akaandika. Lakini la ndoo hakuliandika, maana aliyelisema hakuwa mjumbe. Nauliza, kuna uchungu gani kama kulifuta neno lako kwa mkono wako mwenyewe? Tangu hapo akawa anahesabu miaka ya kustaafu kama mtoto anayehesabu siku za kufunga shule. Akibaki peke yake chumbani mle, alikalia kimoja cha vile viti vya dirishani kwa muda mfupi, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu mwenyekiti, kuhusu tangi..." Kisha alisimama, akakipangusa.

Alistaafu, na miezi miwili baadaye fomu zikatoka. Alijaza yake nyumbani, kwenye meza ya mumewe, fundi cherehani, aliyeamriwa asimamishe kazi ili herufi zisitetemeke. Sehemu ya sahihi aliiacha wazi, kwa kuwa sheria ilitaka mwombaji asaini mbele ya karani.

Siku ya mwisho ya kupokea fomu, alikuta foleni imefika mlangoni, na karani mpya, aliyemfundisha yeye mwenyewe, jasho linamtoka.

"Shikamoo mama. Nimezidiwa, nisaidie kidogo."

"Marahaba mwanangu. Sogea."

Ungemwambia samaki asiogelee? Alizunguka meza, akavuta kiti chake cha zamani, akashika muhuri. Anagonga, anasaini, anatumbukiza sandukuni. Katikati ya rundo ikapita na ya kwake. Akarudi nyumbani akiimba.

Majina yalipobandikwa, yalikuwa sita. Aliyasoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Lake halikuwapo. Alikwenda mezani kwa karani, naye akatoa faili polepole bila kumtazama. Mwandiko ulikuwa safi, muhuri umenyooka. Penye "Imepokelewa na" ilikuwapo sahihi yake yenye mkia mrefu. Penye "Sahihi ya mwombaji" hapakuwa na kitu.

"Mama," karani alinong'ona, "chukua kalamu, uweke sasa hivi. Nani atajua?"

Kalamu ilikuwa pale pale. Mkono ulimwasha. Akamkumbuka mzee mmoja mwashi, aliyetoka upande wa pili wa mji kwa miguu.

"Kuna mzee mwashi nilimrudisha kwa kosa hilihili," alisema. "Funga faili, mwanangu."

Nyumbani mumewe alisikiliza hadi mwisho. "Kinyozi hajinyoi, mke wangu," alisema, akitaka kumchekesha. Naye akacheka kweli, ila kicheko kilifika katikati kikageuka kilio.

"Nilikitaka, baba watoto. Nilikitaka sana kile kiti."

Mumewe alimsogezea kitambaa kutoka mezani, kipande cha shati la mteja, bila kujali.

Asubuhi Mama Muhuri alitoa kabatini fomu tupu iliyobaki, akatia alama ndogo ya penseli penye sahihi ya mwombaji, akairudisha chini ya nguo. Bado miaka mitatu. Kisha akajaza ndoo, akajitwika. Binti wa jirani alikuwa amepelekwa zahanati alfajiri ile kujifungua.