Kigoda cha Padri

Mnisamehe mwandiko wangu, na herufi nilizokosea.

Leo harufu ya kanzu iliyolowa mvua imenikumbusha yule padri mtawa, mtunzi wa vitabu, aliyekuwa akifuata hadithi za bibi yangu kijijini Kwedizinga.

"Shikamoo, mama. Leo nipe mwisho."

"Marahaba. Anayesikia mwisho wa hadithi mchana hufiwa na mama. Njoo jioni."

"Wangu alishakufa."

"Basi itakuwa zamu yako!"

Wakacheka. Akaahidi kuja Jumamosi jioni. Ijumaa tulimzika.

Tangu hapo, kila jioni bibi alikitoa nje kigoda cha padri, akakinong'onezea ule mwisho. Mimi niliogopa, nikaziba masikio.

Sasa bibi naye hayupo. Katika kitabu cha padri, hadithi ile inaishia pale msichana akiwa ukingoni mwa mto, marehemu mama yake akimwita kutoka ng'ambo.

Anayejua kama alivuka, tafadhali aniandikie.